Uchambuzi wa Kisa: Alfajiri Ambayo Wagombea Wawili wa Urais wa Marekani "Walikubaliana" Kuhusu Silaha za Nyuklia

Kisa chenyewe

Kisa hiki kilitokea katika chumba cha habari cha idhaa moja ya redio inayotangaza kwa Kiswahili, alfajiri ya Ijumaa, tarehe 1 Oktoba 2004. Jina la idhaa, mji ilipo na majina ya wenzangu niliokuwa nao zamu nimeyaondoa, pamoja na chochote ambacho kingeweza kumtambulisha msikilizaji aliyetupigia simu. Maneno ya wagombea na matukio ya kisiasa yalikuwa ya hadharani, kwa hiyo hayo nimeyaacha kama yalivyo.

Nimekuwa nikikitumia kisa hiki kufundishia wanahabari chipukizi kwa sababu asubuhi ile hakuna aliyekusudia kupotosha. Taarifa yetu ilikuwa na sentensi tisa. Nane kati yake zingeweza kutetewa mbele ya mhariri yeyote, na hata hivyo msikilizaji aliyetutegemea aliondoka na picha isiyofanana kabisa na kilichotokea ukumbini. Ninaamini kosa lile lilianzia kwenye neno moja tulilolichagua siku iliyotangulia, tukiwa tumetulia na tukiwa na muda wa kutosha.

Usuli

Uchaguzi wa Novemba 2004 ulikuwa wa kwanza wa urais nchini Marekani tangu mashambulizi ya Septemba 11, 2001, na wa kwanza tangu uvamizi wa Iraki wa Machi 2003. Rais George W. Bush alikuwa anatetea kiti chake dhidi ya Seneta John Kerry wa Massachusetts. Iraki ilikuwa imevamiwa kwa hoja kwamba Saddam Hussein alikuwa na silaha za maangamizi, na mwaka mmoja na nusu baadaye silaha hizo zilikuwa hazijaonekana.

Wakati macho ya dunia yakiwa Baghdad, mambo mengine mawili yalikuwa yamekwenda kasi. La kwanza ni Korea Kaskazini. Chini ya makubaliano yaliyotiwa saini Geneva mwezi Oktoba 1994, nchi hiyo ilikuwa imesimamisha kinu chake cha nyuklia cha Yongbyon, na fito za fueli zilizokwisha kutumika, zipatazo 8,000, zilihifadhiwa chini ya uangalizi wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki. Oktoba 2002 serikali ya Marekani iliituhumu kwamba kwa siri, mbali na kinu kile, inarutubisha urani, yaani inaichakata hadi iweze kufaa kwa bomu. Desemba mwaka huohuo wakaguzi walifukuzwa, na tarehe 10 Januari 2003 Pyongyang ilitangaza kujitoa katika Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia. Mazungumzo ya pande sita, yaani Marekani, China, Urusi, Japani na Korea zote mbili, yalianza Beijing mwezi Agosti 2003.

La pili ni mtandao wa Abdul Qadeer Khan, mhandisi aliyehusika na utengenezaji wa bomu la Pakistani. Oktoba 2003 meli iliyokuwa ikielekea Libya ilizuiwa ikiwa na vipuri vya mashinepewa, zile mashine zinazozunguka kwa kasi kubwa kurutubisha urani. Tarehe 19 Desemba Libya ilitangaza kuachana na mpango wake wa silaha. Februari 4, 2004 Khan alijitokeza kwenye televisheni ya Pakistani akakiri, na siku iliyofuata Rais Pervez Musharraf akamsamehe.

Suala hili halikuwa geni katika kampeni za Marekani. Katika mdahalo wa tarehe 13 Oktoba 1960, John F. Kennedy alionya kwamba kufikia mwisho wa muhula uliokuwa unagombewa, nchi kumi, kumi na tano au ishirini zingekuwa na uwezo wa nyuklia. Utabiri huo haukutimia, lakini China ililipua bomu lake la kwanza tarehe 16 Oktoba 1964, siku 18 tu kabla ya Wamarekani kupiga kura tena. Kilichokuwa kipya mwaka 2004 ni hofu kwamba bomu linaweza kufika mikononi mwa kundi lisilo na nchi, lisilo na mji mkuu wa kulipizwa kisasi.

Na hofu hiyo wasikilizaji wetu hawakuhitaji kufafanuliwa. Wengi wao walikuwa Afrika Mashariki tarehe 7 Agosti 1998, balozi za Marekani zilipolipuliwa Nairobi na Dar es Salaam kwa dakika chache za tofauti. Mtu aliyetembea juu ya vioo barabarani siku ile halichukulii neno "gaidi" kama neno la hotuba za uchaguzi wa watu wengine.

Neno lililochaguliwa Alhamisi

Alhamisi mchana, kabla ya mdahalo, tulikaa kikao kifupi cha kupanga istilahi. Idhaa ilikuwa na karatasi ya maneno ya vita vya Iraki, iliyochakaa kwa kunakiliwa mara nyingi, na swali lilikuwa tutaliitaje jambo ambalo Waingereza hulitaja kwa neno moja tu, "proliferation", wakimaanisha kuongezeka kwa silaha za nyuklia, na wanaozimiliki, kutoka mkono hadi mkono. Mapendekezo yalikuwa matatu: kuenea, usambazaji, na kuzagaa.

Tulichagua usambazaji. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kihariri na ilikuwa na mantiki yake: ni nomino kamili, inakaa vizuri katika kichwa cha habari, na kisa cha Khan kilikuwa bado kibichi masikioni mwa watu. Aidha tulikubaliana kwamba, ili kuepuka kurudiarudia "nyuklia", tutatumia "silaha za maangamizi" kama jina la jumla, kwa kuwa wasikilizaji walikuwa wamelizoea tangu Iraki.

Leo nikiangalia nyuma, naona kwamba hapo ndipo tulipojifunga. Usambazaji una msambazaji: yupo mtu anayetoa, mwingine anapokea, na fedha zinapita katikati. Kuenea hakuhitaji muuzaji, kwani nchi inaweza kujitengenezea bomu lake yenyewe, kwa kinu chake na wahandisi wake. Kuzagaa ni hali ya vitu kuachwa ovyo, bila mlinzi wala daftari, vikimngoja atakayepita. Kiswahili kilitupa maneno matatu kwa ajili ya hatari tatu tofauti, nasi tukayakunja yote ndani ya moja. Hilo la "silaha za maangamizi" lilizidisha ubaya, maana linachanganya bomu la atomiki na gesi ya sumu na vimelea vya maradhi, na katika msamiati wa siasa wa mwaka ule lilikuwa limeshonwa pamoja na Iraki kiasi kwamba huwezi kulitamka bila Saddam kuingia.

Mdahalo, saa kumi hadi saa kumi na moja na nusu

Mdahalo ulifanyika Chuo Kikuu cha Miami, katika mji wa Coral Gables, Florida, ukiongozwa na Jim Lehrer. Ulipoanza kule saa tatu usiku wa Alhamisi, tarehe 30 Septemba, Afrika Mashariki ilikuwa saa kumi alfajiri. Zamu tulikuwa watatu: msimamizi, mtafsiri, na mimi niliyepangiwa kuandika. Taarifa yetu ilitakiwa kwenda hewani saa kumi na mbili kamili, kwa hiyo tangu mdahalo kumalizika tulikuwa na nusu saa.

Kwa sehemu kubwa ya dakika 90 hizo walizungumzia Iraki. Kuelekea mwisho Lehrer akawauliza kila mmoja ni tishio gani moja analoliona kuwa kubwa kuliko yote kwa usalama wa taifa. Kerry alijibu kwa kutaja silaha za nyuklia na kuenea kwake, akarudia mara mbili. Akasema kuna zaidi ya tani 600 za malighafi ya nyuklia isiyolindwa katika nchi zilizokuwa Umoja wa Kisovieti, kwamba kwa mwendo wa serikali iliyopo ingechukua miaka 13 kuiweka yote salama, na kwamba yeye angeimaliza kazi hiyo nchini Urusi kwa miaka minne. Akaongeza kwamba angefuta utafiti wa bomu jipya la nyuklia la kupenya mahandaki, kwa kuwa taifa haliwezi kuwaambia wengine waache kile ambacho lenyewe linakitafuta.

Bush alisema amekubaliana na mpinzani wake kwamba hatari kubwa zaidi ni silaha za maangamizi mikononi mwa mtandao wa kigaidi. Akasema fedha za kupambana na tatizo hilo zimeongezeka kwa takribani asilimia 35 tangu aingie madarakani, akataja mpango wa nchi zaidi ya 60 wa kuzuia usafirishaji wa vifaa hivyo, akataja kuvunjwa kwa mtandao wa Khan na kukubali kwa Libya, kisha akaingia kwenye kinga ya makombora.

Ndipo Lehrer akauliza swali lililotuponza. Aliuliza kama ni sahihi kusema kwamba wote wawili wanakubaliana kuwa tishio kubwa kuliko yote ni kuenea kwa silaha za nyuklia. Bush akaongeza maneno machache tu: mikononi mwa adui gaidi. Kerry akasema kipimo ni tofauti iliyopo kati yao, akarudia hesabu ya miaka 13 dhidi ya minne, na akasema angeanza mara moja mazungumzo ya ana kwa ana na Korea Kaskazini. Bush akajibu kwamba hilo ni kosa kubwa, kwani ndilo analolitaka Kim Jong Il, kiongozi wa Korea Kaskazini wakati ule, na litaua mazungumzo ya pande sita na kuitoa China mezani.

Maamuzi ya nusu saa

Uamuzi wa kwanza ulikuwa sentensi ya kufungulia. Niliandika kwamba wagombea wote wawili wamekubaliana kuwa hatari kubwa inayoikabili Marekani ni usambazaji wa silaha za maangamizi. Msimamizi aliipenda, mimi pia niliipenda. Ilikuwa habari ya kushangaza baada ya saa nzima ya kurushiana maneno kuhusu Iraki, haikuegemea upande wowote, na ilitoka kinywani mwa mwongozaji mwenyewe. Hatukujiuliza kwa nini Bush alihisi haja ya kuongeza yale maneno machache, wala kwa nini Kerry, badala ya kusema ndiyo, alikimbilia neno "tofauti".

Uamuzi wa pili ulikuwa kuziacha takwimu zote. Tani 600, miaka 13, asilimia 35: hakuna hata moja tuliyoweza kuihakikisha katika muda ule. Kanuni yetu ilikuwa kwamba takwimu ya mgombea isiyohakikiwa haisomwi kama habari. Nilikubaliana na kanuni hiyo wakati ule, na kama kanuni ya jumla bado nakubaliana nayo. Lakini katika mjadala huu takwimu ndizo zilizobeba hitilafu. Ukiondoa hesabu ya miaka, kilichobaki kwa Kerry ni kwamba anaiogopa nyuklia. Ukiondoa hesabu ya fedha, kilichobaki kwa Bush ni kwamba naye anaiogopa.

Uamuzi wa tatu ulihusu Korea Kaskazini, na hapa ndipo ilipo ile sentensi isiyoweza kutetewa. Tuliandika kwamba Bush anataka mazungumzo ya pande sita ilhali Kerry anataka ya pande mbili. Sivyo alivyosema Kerry. Mapema katika mdahalo Lehrer alimuuliza waziwazi, naye akajibu kwamba anataka yote mawili. Mtafsiri alikuwa ameliandika jibu hilo kwenye daftari lake, ukurasa wa nyuma, lakini katika kukimbizana na saa hakuna aliyeufunua ukurasa ule. Ulinganisho wa sita kwa mbili ulikuwa mtamu mno kwa sikio la mwandishi, nami nikaukubali bila kuuliza.

Kilichofuata

Taarifa ilisomwa saa kumi na mbili na kurudiwa saa moja. Kipindi cha simu kilipofunguliwa, msikilizaji wa pili, mzee kwa sauti yake, aliuliza kwa upole: "Wanangu, kama wamekubaliana, sasa wanagombania nini?" Mtangazaji alitoa jibu la jumla kuhusu Iraki na uchumi. Msikilizaji mwingine alitaka kujua kwa nini Kerry anaziingilia Korea mbili zinazotaka kuzungumza zenyewe. Alikuwa ameelewa "pande mbili" kuwa Kaskazini na Kusini, na kwa maneno tuliyompa, alikuwa na haki ya kuelewa hivyo. Wa tatu alipiga kutoka Lubumbashi, akauliza kama urani ya Katanga nayo imo katika hiyo inayosambazwa. Simu ikakatika kabla hajajibiwa.

Msimamizi wa zamu ndiye aliyesema kwanza kwamba tumekosea. Namtaja kwa heshima, ingawa siwezi kumtaja kwa jina, kwa sababu angeweza kuiacha siku ipite. Hakuna aliyelalamika rasmi. Alituita mezani saa tatu asubuhi, akaweka mkanda wa mdahalo, akatusikilizisha upya dakika zile za swali la tishio. Kisha akauliza swali moja: hawa wawili wanaogopa kitu kimoja, au wanaogopa vitu viwili vyenye jina moja?

Mchana wote tukaandaa kipande cha dakika kumi na mbili kwa ajili ya matangazo ya jioni. Tulifuta usambazaji na silaha za maangamizi kama maneno ya jumla. Tulimwomba mhadhiri wa fizikia atueleze jambo ambalo sote watatu hatukuwa nalo sawasawa: kwamba njia za kufikia bomu ni mbili. Plutoniamu huzalishwa ndani ya kinu na kutenganishwa kwa kemikali kutoka kwenye fito zilizotumika. Kinu ni jengo, kinatoa joto, kinaonekana, na kamera inaweza kufungwa mlangoni. Urani hurutubishwa kwa mashinepewa, na kiwanda chake kinaweza kukaa katika bohari ya kawaida au ndani ya mlima bila jirani kujua.

Elimu hiyo fupi ilifungua sehemu nzima ya mdahalo tuliyoipita. Kerry alikuwa amemlaumu Bush kwa kuacha fito za Yongbyon zitolewe, wakaguzi na kamera zikaondolewa. Bush akajibu kwamba makubaliano hayakuvunjwa kwa plutoniamu, bali kwa urani iliyorutubishwa. Sisi tuliandika tu kwamba wametofautiana kuhusu nani wa kulaumiwa kwa nyuklia ya Korea Kaskazini. Kumbe kila mmoja alikuwa anazungumzia malighafi yake: mmoja akionyesha kilichopotea baada ya mlango kufunguliwa, mwingine akionyesha kilichokuwa kikipita dirishani wakati mlango bado umefungwa.

Katika kipindi cha jioni tulisahihisha hewani sentensi ya Kerry na mazungumzo, kwa maneno ya wazi, tukasema ilikuwa kosa letu.

Uchambuzi

Kilichotufelisha zaidi ni kuridhika na makubaliano. Wagombea wanapokubaliana juu ya jina la hatari, mwandishi huona kazi imekwisha, ilhali ndipo inapoanza. Kwa Kerry, kama maneno yake yanavyoonyesha, hatari ilikuwa katika kitu chenyewe: plutoniamu na urani iliyorutubishwa, popote ilipo, iwe bohari la Urusi, kinu cha Korea au maabara ya Marekani yenyewe. Anayeiona hatari hivyo atatafuta kufuli, mikataba, wakaguzi, bajeti ya ulinzi wa mabohari, na atajizuia yeye kwanza. Kwa Bush hatari ilikuwa katika mkono unaokishika kitu hicho. Yale maneno machache aliyoyaongeza yalikuwa msimamo wake wote. Anayeiona hatari hivyo atafuatilia mikono: ataivamia serikali anayoishuku, atazuia meli baharini, atamkamata mfanyabiashara wa magendo, na atajenga kinga dhidi ya kombora litakaloponyoka. Vita vya Iraki vinatoka moja kwa moja katika mtazamo huo wa pili na havitoki katika ule wa kwanza. Kwa hiyo swali la tishio, tulilolichukulia kama mahali walipoacha kugombana kuhusu Iraki, lilikuwa ni ugomvi uleule umevuliwa nguo.

Hili la neno nalisisitiza kwa sababu ni kazi yetu wenyewe na hakuna wa kumsingizia. "Usambazaji" uliuegemea upande wa Bush bila sisi kujua, maana unaita akilini muuzaji na mnunuzi, yaani mikono. "Kuzagaa" kungeuegemea upande wa Kerry. "Kuenea", ambalo ndilo neno linalotumika katika jina la Kiswahili la mkataba wenyewe, lingekuwa pana kuliko yote na salama kuliko yote, na lilikuwa mbele yetu kwenye karatasi. Tuliliacha kwa sababu halikukaa vizuri kwenye kichwa cha habari.

Kuhusu takwimu, maoni yangu yamebadilika tangu wakati ule. Baadaye ilipowezekana kuzichunguza, zilionekana kuwa na ukweli wenye mipaka. Zile tani 600 zilikuwa makadirio ya malighafi yote ya kiwango cha silaha iliyokuwa nje ya mabomu katika nchi za Kisovieti za zamani, na sehemu yake ilikwisha wekewa ulinzi ulioboreshwa kupitia mpango ulioanzishwa mwaka 1991 na Maseneta Sam Nunn na Richard Lugar. Kuiita yote "isiyolindwa" kulikuwa kutia chumvi. Nazo fedha za Bush ziliongezeka, ingawa bajeti yake ya kwanza, iliyoandikwa kabla ya Septemba 11, ilikuwa imependekeza kuzipunguza. Tungeweza kuzisoma zote mbili kama madai, kila moja na mwenyewe, na kuahidi kurudi nazo jioni. Kuzinyamazisha kuliwapa wote wawili hadhi ya watu wasio na la kupimiwa.

Kilichofanya kazi ni kidogo lakini kina uzito. Kuwaacha wasikilizaji waulize hewani ndiko kulikotuonyesha kosa. Swali la yule mzee lilikuwa uchambuzi bora kuliko taarifa yetu. Na uamuzi wa kumtafuta mtu wa fizikia badala ya mchambuzi wa siasa ulitusaidia kuliko tulivyotarajia, kwani katika mambo ya nyuklia siasa hufuata umbile la kitu. Anayejua kwamba kinu huonekana na mashinepewa hufichika, ataelewa peke yake kwa nini kiongozi mmoja hutegemea wakaguzi na mwingine hawaamini.

Yaliyojiri baada ya uchaguzi

Tarehe 6 Oktoba, siku sita baada ya mdahalo, ripoti ya Charles Duelfer, aliyeongoza timu ya Marekani ya kutafuta silaha hizo Iraki, ilithibitisha kwamba Iraki haikuwa na shehena ya silaha za maangamizi wakati ilipovamiwa. Tarehe 2 Novemba Bush alishinda kwa kura 286 za wajumbe wa majimbo wanaomchagua rais, dhidi ya 251. Wapiga kura walipohojiwa wakitoka vituoni, waliotaja maadili kuwa jambo kuu walikuwa asilimia 22, uchumi na ajira 20, ugaidi 19, Iraki 15. Tishio ambalo wote wawili walilitaja kuwa kubwa kuliko yote halikuwamo hata katika orodha waliyopewa kuchagua. Liligawanywa na kumezwa na ugaidi na Iraki. Sidhani kama wapiga kura walikosea katika hilo. Walipewa jambo moja lenye majina mengi, wakachagua jina walilolifahamu.

Serikali iliyoshinda ilikuja kusogea kuelekea kwa aliyeshindwa, jambo ambalo wachache walilitangaza. Februari 2005 huko Bratislava, Bush na Vladimir Putin walikubaliana kuharakisha uimarishaji wa ulinzi wa mabohari ya nyuklia ya Urusi ili ukamilike kufikia mwisho wa 2008, ratiba isiyotofautiana sana na ile miaka minne. Mwezi huohuo Korea Kaskazini ilitangaza kwamba ina silaha za nyuklia. Ombi la fedha za bomu la kupenya mahandaki liliondolewa Oktoba 2005. Tarehe 9 Oktoba 2006, saa kumi na dakika 35 alfajiri kwa saa za Afrika Mashariki, Korea Kaskazini ililipua bomu lake la kwanza la majaribio. Januari 2007 mjumbe wa Marekani Christopher Hill alikutana mjini Berlin na mwenzake Kim Kye-gwan, wawili hao peke yao, na mwezi uliofuata mazungumzo ya pande sita yakafikia makubaliano ya kufunga Yongbyon. Yote mawili yalikwenda pamoja, kama yule mgombea alivyosema usiku ule na kama daftari la mtafsiri wetu lilivyokuwa limeandika.

Swali la Lubumbashi

Kipindi chetu cha jioni hakikumjibu msikilizaji wa Lubumbashi, na hilo ndilo kosa ambalo hatukulisahihisha. Tulilijadili, tukaona litatutoa nje ya mada ya uchaguzi wa Marekani. Lakini urani iliyotumika katika mradi wa Marekani wa kutengeneza bomu la kwanza la atomiki ilitoka kwa kiasi kikubwa Shinkolobwe, Katanga, mwendo wa saa chache kwa gari kutoka mahali alipokuwa akipigia simu. Mwaka uleule wa 2004, mwezi Januari, rais wa Kongo alikuwa ameamuru mgodi huo ufungwe kwa wachimbaji wadogo waliokuwa wakifuata kobalti yake, na Julai sehemu ya mgodi ikabomoka na kuwaua baadhi yao, maana amri haikuwazuia kuendelea kuchimba.

Jibu lilikuwa fupi na tulikuwa nalo, kwa sababu mhadhiri alikwisha kutueleza mchana. Madini ghafi ya Shinkolobwe hayakuwa katika zile tani 600. Mawe yale hayafanyi bomu mpaka yapite kwenye mashinepewa au kwenye kinu, kazi inayohitaji dola na miaka. Kati ya jiwe la Katanga na tishio lililotajwa Coral Gables kuna viwanda, wahandisi, fedha na uamuzi wa serikali fulani. Mtu yule alikuwa anauliza kama ardhi anayoishi juu yake imo katika hatari wanayogombea watu wengine, na alistahili kuambiwa hivyo jioni ileile, kwa jina la mgodi.